Mchumba wa Dougga Aliyefanywa Profesa

"Dada, mbona umenyamaza? Hekalu hili lilikuwa la nani?"

Lamia alishtuka. Watalii kumi na wawili walikuwa wamemkodolea macho mbele ya hekalu kubwa la Dougga, magofu ya mji wa Warumi nchini Tunisia, na yeye macho yake yako kwenye simu. Ujumbe wa Skander, mchumba wake, ulikuwa umeingia sasa hivi:

"Mpenzi, mama yangu yuko kwenye kundi lako. Shangazi amenirushia picha, nimekuona nyuma yao. Tafadhali usitaje jina lako. Nitakueleza."

"La miungu watatu, mama," alijibu akijikaza. "Mkubwa wao Jupita. Tusogee jamani, ziara yetu ni saa moja tu."

Wakafika kwenye ukumbi wa maonyesho, wakaketi juu ya ngazi za mawe. Yule mama aliyeuliza, mwenye miwani mikubwa myeusi na skafu ya hariri, akamsogelea.

"Binti, unaeleza vizuri. Umenikumbusha mkwe wangu mtarajiwa. Naye ni mtu wa mambo haya ya Warumi."

"Kumbe?"

"Eeh! Profesa wa chuo kikuu kule Tunis. Anaitwa Lamia. Baba yake daktari. Mimi sijawahi kumwona, Ijumaa ndiyo tunaenda kuposa. Nikasema nije nijifunze kidogo nisikae pale kama gogo."

"Skander wetu kapata chombo!" shangazi wa Skander akadakia kando yake.

Lamia akageukia jukwaa wasimwone uso. Profesa? Daktari? Baba yake, mzee Hattab, alisukuma toroli la udongo hapahapa miaka thelathini, mpaka mgongo ukapinda. Simu ikatetemeka tena.

"Nakuomba, usimwambie chochote. Mama akijua ukweli atavunja posa. Leo tu."

Lamia akajibu: "Leo tu, halafu maisha yangu yote?" Akaizima simu, akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu, aliyejenga ukumbi huu alikuwa mwenyeji wa mji huu. Alitoa mali yake, akachonga jina lake kwenye jiwe, asije mtu akauliza huyu alikuwa nani. Na mimi sifichi langu. Naitwa Lamia, binti wa Hattab. Si profesa. Naongoza wageni, na kazi hii naijua jiwe kwa jiwe. Baba yangu si daktari. Alikuwa mchimbaji. Njia mliyokanyaga asubuhi hii, aliifukua yeye."

Watalii wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maelezo. Yule mama, Bi Naziha, hakupiga. Alivua miwani taratibu.

"Lamia wa Skander?"

"Ndiye mimi, mama. Sikujua kama amekudanganya."

"Yarabi! Tumepigwa changa la macho!" shangazi akashika mdomo.

Bi Naziha akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Skander, mkwe wangu ni nani?"

"Mama... nilitaka umkubali tu."

"Nimkubali nani, mtu asiyekuwepo? Na mimi je? Kazini kwako unasema nilikuwa na duka la mavazi. Nilishona suruali za watu, Skander! Cherehani ndiyo iliyokusomesha! Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Mwenzangu huyu hakunyamaza."

Akakata. Akamgeukia Lamia, macho yamelowa.

"Maliza kazi yako, binti yangu. Mabafu ya Warumi hatujayaona."

Saa mbili baadaye Skander alifika getini anahema, tai imepinda.

"Lamia, nisamehe. Nilikuwa nakulinda."

"Unanilinda na nani? Na baba yangu?"

Skander akatazama chini. "Niliogopa maneno ya watu."

"Nakupenda, Skander, sikatai. Ila siolewi mafichoni. Ijumaa njoo na wajomba zako, uwaambie kwa mdomo wako mimi ni nani. Ukibabaika, rudini na baklawa na vitamu vyenu vyote."

Ijumaa sebule ya mzee Hattab ilijaa. Mjomba mkubwa, mtu wa kujivuna, akauliza huku akinywa chai:

"Bibi harusi anafanya kazi gani hasa? Nasikia chuo kikuu?"

Skander akasimama. Hakubabaika.

"Hapana, mjomba. Anaongoza watalii Dougga, na hakuna anayemshinda. Baba yake huyu amechimba pale kwa mikono yake. Niliwaonea aibu, nikamdanganya mama na ninyi nyote. Aibu ile ilikuwa yangu, si yao."

Mjomba akakohoa, akafungua mdomo.

"Na mimi ni fundi cherehani," Bi Naziha akamwahi. "Kuna mwenye neno?"

Mjomba akarudi kwenye chai yake.

Mzee Hattab akamtazama binti yake. "Umesikia, mwanangu. Wasemaje?"

"Nimekubali, baba."

Bi Naziha ndiye aliyeanza vigelegele, mpaka majirani wakachungulia. Mzee Hattab akainuka, mgongo wake uliopinda akaunyoosha kadiri ulivyoweza, akampa Skander mkono wake wenye sugu. Skander akaupokea kwa mikono yote miwili, mbele ya wajomba zake, akaubusu.