Nilingoja Kadi Mpya, Bibi Hakuningoja

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na nne, nina mke, na kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, ndevu zangu zikiwa zimemzidi mwalimu. Napiga video za harusi hapa Kilwa Masoko. Watu wananijua kwa kuongeza chumvi... lakini haya ninayaandika bila kuongeza hata punje!

Mimi na rafiki yangu Salumu tulikuwa na ugonjwa mmoja: kubashiri kadi za grafiksi ambazo hazijatoka. Ndicho kifaa kinachoipa kompyuta nguvu ya kuchakata video. Kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikaota barafu! Mimi nilisema chipu kubwa atapewa kaka mkubwa tu, ile kadi ya bei ya juu kabisa yenye namba tisini. Salumu akaapa safari hii hata mdogo wake wa sabini atapewa, tena mwishoni mwa jina watambandika herufi mpya. Mtoto hajazaliwa, sisi tushampa jina!

"Uza yako mapema," akanishauri. "Mpya ikitoka, hiyo utazuilia mlango."

Nikauza. Aliyenunua nani? Salumu mwenyewe!

Wiki hiyohiyo shemeji yangu Rukia, ndugu wa mke wangu, akaolewa, nami nikarekodi. Bibi yao alikuwa kijijini Kiswere, hajiwezi kitandani, hakuja harusini. Nilipokwenda kumwamkia baada ya harusi akanishika mkono.

"Mume wangu," akanitania, "nataka nimwone Rukia alivyopambwa, kabla sijafumba macho."

Nikamwahidi video ambayo hata Dar hawajaiona!

Basi... kompyuta bila kadi ikakoroma kama punda mgonjwa. Kila nikiunganisha vipande, inazima. Na kadi mpya? Leo tunasikia imesogezwa mbele, kesho jina limebadilika, keshokutwa chipu imekatwa nusu.

Mama mkwe akapiga. "Baba, bibi anauliza."

"Bado kidogo, mama."

Akapiga tena. Na tena! Nikawa naiogopa simu yangu mwenyewe. Nikiona jina lake, naigeuza kifudifudi. Ningemwambia nini?

Nikamkimbilia Salumu aniazime ile kadi. Akacheka.

"Nina kazi za watu. Kwani nilikulazimisha? Si tulikuwa tunakisia tu!"

Tunakisia...!

Siku moja baada ya adhuhuri simu ikalia. Mama mkwe hakuuliza video. Bibi ametutoka.

Kiswere, baada ya maziko, nilikaa nimeinama, nikingoja matusi. Mama mkwe akaja taratibu.

"Baba, ile kamera yako haina kioo?"

"Kinacho, mama... ila kidogo."

"Bibi yako alitaka uso tu."

Jamani! Siku niliyoshikwa mkono, kamera ilikuwa begani mwangu. Rukia alikuwa humo, na hina yake, anacheka!

Kadi ile imeshatoka. Salumu alikosea jina, mimi nilikosea chipu. Sijainunua.

Ndugu zangu, kisieni namba na herufi, ni raha kweli. Lakini kama kuna mtu anakungoja, nakuomba, mpelekee ulichonacho leo, hata kama ni kidogo, hata kama hakijapambwa. Mimi mpaka sasa simu ikilia, nashtuka.