Shuka Lililofutiwa Mdomo

Jua lilikuwa linazama na mashuka ya hoteli bado yalikuwa kambani. Chaluai aliyaanua mbiombio huku akinung'unika. Huku Sichon, pwani ya kusini mwa Thailand, hakuna mwanamke mwenye akili anayeacha nguo nje mpaka magharibi, ila meneja Wirat, kijana wa Bangkok, alitaka yapigwe na jua mpaka miale ya mwisho.

"Dada Chaluai, nani anakukimbiza?" Wirat alimtania kutoka barazani.

"Wewe, bosi. Wewe na mambo usiyoyajua."

"Krasue tena? Kile kichwa kinachoelea na utumbo wake? Mwambie aje, tutampa chumba kinachotazama bahari!"

Chaluai aliendelea kuanua. Shuka la mwisho lilikuwa na doa.

Lilikuwa usawa wa uso wa mtu, la kahawia, bichi, lenye utelezi. Alisogeza pua. Harufu ya kamba wa kufugwa waliooza bwawani... na damu ya uzazi. Katikati zilionekana alama za midomo miwili, wa juu na wa chini.

Kitu kilikuwa kimekula uchafu, kikajifuta.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Krasue hunusa mjamzito kama inzi anavyonusa kidonda, na nyumbani, nyuma tu ya ukuta wa hoteli, binti yake Orawan alikuwa akihesabu siku. Mimba mbili zilikwisha haribika. Hii ya tatu ilikuwa imefika miezi tisa, na Chaluai aliapa hakuna mdomo mchafu utakaoigusa.

Pale palipokuwa na hoteli, zamani palikuwa na minazi ya mama yake, Bibi Phuang, mkunga. Kila kondo la nyuma alilopokea alilitia chunguni na kulizika chini ya mnazi. Kisha akauza shamba. Tingatinga lilipong'oa minazi, vyungu vilipasuka na kijiji kizima kikaziba pua. Bibi Phuang peke yake hakuziba. Alisimama pale akimeza mate, na tangu siku ile chakula cha nyumbani kilimshinda. Chaluai alidhani ni majuto.

Mchana krasue ni mwanamke kama wengine, na dawa yake anaijua kila mtu. Chemsha kitambaa alichojifutia, naye ataungua mdomo popote alipo, mpaka aje mwenyewe kuomba.

Alilitumbukiza shuka kwenye sufuria kubwa ya kufulia. Maji yakachemka. Povu la kahawia likapanda, zito kama makamasi, na mvuke wake ukamwingia mdomoni. Alitapika mlangoni.

Simu ikalia.

"Mama, njoo!" Ilikuwa sauti ya Orawan. "Bibi... mdomo wake..."

Alikimbia. Bibi Phuang alikuwa sakafuni, midomo imevimba malengelenge, ngozi inaning'inia, mate ya usaha yakidondoka kifuani.

"Uji," alinong'ona. "Uji wa moto, mwanangu."

Chaluai aligusa jiko. Lilikuwa baridi.

"Zima," mama yake akasema, akimshika mguu. "Zima, nakuomba..."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu sufuria ile.

Orawan naye alijikunja, akashika tumbo. Uchungu ulikuwa umeanza. Chaluai alimtazama binti, akamtazama mama. Alitaka kuiacha sufuria ichemke mpaka ikauke. Lakini huyu ndiye aliyemzaa. Alirudi mbio hotelini, akaimwaga, na papo hapo akajichukia.

Orawan alijifungulia hospitali. Mtoto wa kiume, mzima. Wiki ileile hoteli ilileta mashine za kukaushia, kamba zikaondolewa.

"Maendeleo hayo, dada!" alisema Wirat. "Umeona doa tena?"

Kweli, hakuliona tena hotelini, akajiaminisha kwamba kuungua kule kumemkomesha mama yake.

Siku ya saba tangu mtoto azaliwe, alichelewa kutoka kazini. Alipofika nyumbani, jua lilikuwa limeshazama na nepi za mtoto zilikuwa bado nje. Orawan alikuwa amelala fofofo. Chaluai aliisikia harufu kabla hajaona.

Doa. Midomo miwili. Na katikati, kipande cha ngozi kimeganda, laini kama utando wa maziwa.

Safari hii hakuna huruma. Aliichukua ile nepi kwa ncha za vidole, akaitia sufuriani, akawasha njiti ya kiberiti.

"Chaluai," mama yake aliita taratibu kutoka chumba cha pili. "Usichemshe maji leo."

Njiti ikiwaka mkononi, Chaluai akafunua pazia.

Bibi Phuang alikuwa ameketi mkekani, midomo imepona nusu, inang'aa mate. Mtoto wa Orawan alikuwa amelala mapajani mwake, nguo imefunuliwa, na ule mdomo ulikuwa umeinama juu ya kitovu kibichi.

"Amelala," alinong'ona. "Nikiungua nitashtuka, mwanangu. Na nikishtuka... nitauma."

Njiti iliwaka mpaka ikamfika vidoleni. Chaluai aliiacha imuunguze.