Daftari la Mkono wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimfunga mama vifungo vya gauni, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi. Mama ni fundi cherehani. Daktari alieleza kwamba mishipa ya fahamu na ya damu imebanwa chini ya mfupa wa mtulinga, akanikabidhi daftari.

"Kila siku andika vidole vina rangi gani, mwanangu."

Kisha tukaenda kwenye chumba ambamo kila ugonjwa hupewa namba, na namba hiyo ndiyo humpeleka mgonjwa kliniki yake. Karani wa pale, tuliyemwita Bwana Shwari, alikuwa mvivu wa kutupwa. Mezani alibandika karatasi yenye namba kumi, na kila mgonjwa alishindiliwa humo, apende asipende. Kitabu kinene cha namba alikiwekea kikombe cha chai. Mama akapewa namba ya maumivu ya bega. Wiki tatu nzima akasuguliwa bega huku vidole vikigeuka bluu.

Tuliporudi kwa daktari akagundua, alitupeleka kwa karani na kumwakia. "Umeandika bega? Mishipa ikizidi kubanwa, mkono unapotea!"

"Shwari tu, daktari. Bega na mkono si majirani?"

Nilimsonya. "Mtu mzima hovyo!" Mama akanifinya.

Daktari akanigeukia. "Lete daftari. Daktari wa upasuaji atataka kujua rangi ilibadilika lini."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku zote ishirini na moja nilikuwa nimeandika "vyeupe", kwa mkupuo mmoja, jioni ya jana yake. Karani alichungulia, akacheka.

"Huyu mwenzangu kabisa!"

Hakuna tusi lililowahi kuniuma namna ile.

"Nimebuni, daktari," nikasema huku nikilia. "Lakini bluu niliiona kweli, Jumatatu ya mtihani wa hesabu. Mama alishindwa kutia saini karatasi yangu."

Daktari aliiandika Jumatatu hiyo. Alichana karatasi ya namba kumi, akafungua kitabu mwenyewe na kutafuta namba ya mishipa iliyobanwa. Mama alipokelewa kwa upasuaji siku ileile.

Miezi miwili baadaye alijifunga vifungo vyake vyote, kisha akanifunga na mimi cha shingoni.

"Karani yule endelea kumdharau, anastahili," alisema. "Lakini uvivu ni uleule, mwanangu. Anza kuudharau wako."