Na Vyote Vilivyomo

Feni za kadi ile zilizunguka mara moja, polepole, zikasimama. Mudrick alikuwa bado ameishika mkononi, haijaingia kwenye kompyuta wala kuonja umeme. Kisha ikamjia harufu ya udi, nzito, kama chumba cha bi harusi. Akajiambia mtaa wao wa Kizota na karakana zake hauishi harufu, akachukua bisibisi na kuendelea.

Mbishi huyu alikuwa ameonywa. Alikuwa amehangaika kati ya kadi mbili za grafiksi zenye bei moja. Moja ilikuwa dukani kwa Hanif, mpya, ina gerentii, ila memori yake ndogo. Nyingine ilikuwa imetumika, iko kwa mzee Nurdini wa Ihumwa, na memori yake ilikuwa mara mbili. Shamimu, mkewe, gemu hakuzijua, lakini akili alikuwa nazo.

"Chukua ya Hanif. Ikikusumbua unajua pa kuirudisha."

"Memori hujui wewe. Gemu za siku hizi zinakula memori."

"Haya. Zikikula na wewe, usiniite."

Mzee Nurdini alimpokea kwa upole, akashikilia kwamba wauziane kwa kutamkiana, kama walivyozoea wazee wake huko Kondoa. "Nimekuuzia kadi hii na vyote vilivyomo," alisema. Mudrick, mwenye haraka ya kwenda kucheza, akajibu bila kufikiri, "Nimepokea, nimeridhia." Mzee akashusha pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga. Mudrick alidhani ni upweke.

Gemu zilikwenda laini, hilo tusimnyime. Ila Shamimu akaanza kuacha chakula. Akawa anajitia manukato mchana na kuketi mbele ya kioo cha kompyuta kilichozimwa, akicheka chini chini.

Magharibi moja umeme ulikatika mtaa mzima. Mudrick alirudi kutoka msikitini akasikia feni zikinguruma ndani ya nyumba yenye giza, akasukuma mlango, na harufu ya udi ikampiga usoni ikiwa imechanganyika na ya nywele zinazoungua, na pale alimwona mkewe ameketi mikono mapajani, nywele zake zimefumuliwa, zinainuka zenyewe na kuvutwa taratibu, unywele mmoja baada ya mwingine, kuingia kwenye matundu ya kompyuta, naye ananong'ona kwa sauti ambayo Mudrick hakuwa ameisikia tena tangu fungate yao.

"Shamimu," alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na mume wangu," akajibu bila kugeuka. "Shusha sauti, utamuudhi."

Mudrick akaing'oa kadi. Shamimu akaanguka, pumzi ikakatika. Akairudisha upesi, na pumzi ikarudi. Yoramu, jirani yake fundi milango, alisikia kelele akaja mbio, akambeba Shamimu mgongoni hadi zahanati. Huko hawakuona ugonjwa.

Bi Joha, mganga, alikuja na chetezo chake. Alisoma, akafukiza, akasikiliza, kisha akafunika makaa.

"Shikamoo, bibi. Niambie, atatoka?"

"Marahaba. Huyu hakuvamia, mwanangu. Aliuzwa, ukampokea kwa kinywa chako. Kisomo hakimtoi. Atatoka kwa maneno yale yale aliyoingilia."

"Nimrudishie Nurdini?"

"Aliyekwisha kumtoa hampokei tena."

"Basi nimuuzie nani?"

Bi Joha alikunja mkeka wake. "Hilo usiniulize mimi. Ila mkeo hana muda."

Mudrick akatangaza kadi mtandaoni. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Yoramu.

"Kaka, nami nataka kucheza gemu, ila nimekwama. Yako na ya pale kwa Hanif bei ni ile ile. Wewe ndiye mtaalamu, nichukue ipi?"

Nyuma ya pazia Shamimu alikuwa akikoroma kama mtu anayezama. Mudrick alimtazama Yoramu, akautazama ule mgongo wake mpana, na akajichukia kabla hajafungua mdomo.

"Chukua yangu. Memori kubwa."

Akamfundisha kutamkiana. Yoramu akacheka. "Mambo ya Kiislamu haya? Haya bwana. Nimepokea, nimeridhia."

Mudrick akashusha pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga.

"Pole, kaka," Yoramu alimpigapiga begani. "Najua uliipenda."

Safari hii kadi ilipochomolewa Shamimu alikohoa, akaomba maji. Wiki ile alikunywa uji, akafagia uwanja, akacheka na majirani. Mudrick alimwangalia kama mtu aliyefufuliwa, na bado kila alichokula kilikuwa kichungu.

Jioni moja, wakiwa wanakula, mke wa Yoramu alisikika ng'ambo ya barabara akicheka chini chini, peke yake. Harufu ya udi ikaingia dirishani. Shamimu akarudisha tonge kwenye sahani.

"Ulimwambia?"

"Nani?"

"Yoramu. Aliyenibeba. Ulimwambia kilichomo?"

Mudrick akainuka, akafunga dirisha.