Nyungunyungu wa Mrindi

Kitendawili! Tega sikio, mjukuu wangu: nimemtuma mtoto kisimani, karudi na maji, na mwizi nyuma yake. Usikimbilie kunipa mji. Kaa nacho kwanza.

Siku hiyo mlima mzima wa Mrindi ulikuwa unamsikiliza mdudu. Si mdudu wa damu, la. Nambike, binti wa pale pale aliyesomea uhandisi, ndiye aliyemuunda, mdogo kama punje ya haragwe, mwenye akili unde, akamwita nyungunyungu-chuma. Ukimtumbukiza majini huyafuata mpaka ndani ya miamba, hupenya nyufa ambazo hata sisimizi angekwama, na kila anachokigusa hukitangaza kwa redio.

Alitumwa kwa nini? Kampuni ya madini ilitaka kuchimba kilima cha magharibi, itoe nikeli ya betri za vyombo viendavyo mwezini. Ikadai kilima kile hakina undugu wowote na chemchemi ya Mrindi, ile inayojaza ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Baraza la Maji likawaambia wanakijiji, haya, thibitisheni. Na sheria ilitaka ushahidi utangazwe hadharani, kila mtu asikie, hata kampuni.

Basi wakakusanyika ndivani na majembe yao, kama siku ya msaragambo, kazi ya wote. Nyungunyungu akatumbukizwa kule kilimani. Adhuhuri sauti yake nyembamba ikatoka kwenye kipaza sauti: "Niko chini ya chemchemi ya Mrindi. Maji ni yale yale."

Lo, vigelegele! Mzee Kiure, mwita watu wa msaragambo, alipuliza baragumu mpaka mashavu yakawa maboga.

"Baba Nakiete, utapasuka!" mkewe Namsifu akamtania. "Nani atakuzika?"

"Mtanizika nyie wenye maji!"

Nyungunyungu aliendelea kusema. Nani alimsikia? Hata Nambike alikuwa amebebwa juu juu.

Kilima cha magharibi kikapona. Haukupita muda, kampuni ikaja na ombi jipya. Sasa ilitaka kuchimba chini ya chemchemi yenyewe. Ilijua nikeli ilipo, ikajua na unene wake.

"Nani kawaonyesha?" watu wakaulizana. Mmoja akakumbuka kumwona Mzee Kiure akinywa chai na mpimaji wa kampuni.

"Aliniuliza njia, nikamkaribisha," mzee akasema. "Jamani, mgeni nimnyime chai?"

"Kama si wewe, ni nani?"

Mzee akachukua baragumu lake, akashika njia ya nyumbani.

Tangu hapo kumsema Kiure kukawa kazi kubwa kuliko kuipinga kampuni. Walipoitwa barazani walikwenda nusu, na ile nusu ilikaa makundi makundi, haitazamani. Kibali kikatoka. Mzee alipuliza baragumu la msaragambo, hakuja mtu, akazibua mfereji peke yake na jembe lake. Nyumbani, Namsifu alimpakulia chakula, yeye akaenda kula jikoni. Swali lile lilikaa kati yao kama mgeni asiyejua kuaga.

Mashine zilipoanza kuutetemesha mlima, ndiva ikashuka, na yale maji yaliyobaki yakaingia ukijani. Kiure akafa kiangazi hicho. Waliomzika walikuwa wachache mno. Jeneza walipokezana walewale mpaka kaburini.

Baada ya mazishi waliteremka mferejini kunawa mikono. Ndipo Nambike akaona punje inang'aa kwenye tope. Ile mitetemo ilikuwa imemsukuma nyungunyungu nje ya mwamba. Akamwokota, akamfuta kwa kanga, na taa yake ndogo ikawaka.

Namsifu akanyoosha mkono. "Mlete. Huyu anasikia?"

"Anasikia, shangazi."

"Na anasema kweli?"

"Hajui kusema kingine."

Mjane akamweka kiganjani, akamsogeza karibu na midomo kama anayempulizia mtoto jicho lililoingia vumbi. Wazikaji wakaacha kunawa.

"Nani aliwaonyesha?"

"Mimi," nyungunyungu akasema. "Nilitangaza: juu yangu maji, chini yangu nikeli, unene mita tisa. Mlikuwa mnapiga vigelegele."