Matone ya Pili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia kibanda cha baba yake, fundi viatu. Msumarini zilining'inia ndara za mama, zenye soli mpya. Mwenyewe hakuwahi kuzivaa. Kipindupindu kilimchukua. Bomba la mtaa lilikuwa limepasuka mtaroni mwaka mzima, na wakubwa wa manispaa wakipita hapo, vioo vya gari juu.

Jumamosi moja baba alimwambia, "Mpeleke mdogo wako kliniki, akapewe matone ya pili ya chanjo ya kuharisha. Mimi pale sikanyagi."

Foleni ilikuwa ndefu. Nje ya lango wenzake waliruka kamba. Chiriku naye akaingia mchezoni, mtoto mgongoni. Kufumba na kufumbua, dirisha la chanjo likafungwa.

"Tayari?" baba aliuliza.

"Tayari, baba."

Baba hakujua kusoma. Aliirudisha kadi ya kliniki kwenye kopo la misumari.

Wiki mbili baadaye mtoto alianza kuharisha. Macho yalididimia, akawa analia bila machozi. Baba alimkimbiza kule kule alikoapa kutokanyaga.

"Chanjo zenu kazi bure!" baba alimfokea muuguzi. "Mama yake mlimwacha barazani hadi akakata roho. Sasa na huyu?"

Muuguzi aliendelea kumnywesha mtoto maji ya dawa, kijiko baada ya kijiko. Chiriku akashindwa kuvumilia.

"Baba, si kosa lake. Sikumfikisha dirishani. Niliruka kamba."

Baba aliinua mkono, ukaishia hewani. Akaketi sakafuni.

Jioni mtoto alilia tena, safari hii kwa machozi. "Amevuka," muuguzi alisema. "Sikiliza, binti. Utumbo una askari wake. Matone huwaonyesha sura ya adui, nao wakatengeneza kingamwili za kumnasa kabla hajaleta madhara. Mwanzoni mdogo wako alizipata katika maziwa ya mama yenu. Sasa hana budi kujitengenezea zake. Mleteni wiki ijayo, tarehe nimeiandika kwenye kadi. Na maji mchemshe."

Waliporudi kibandani, baba alizitazama zile ndara msumarini.

"Bomba walishindwa kuziba wakubwa, na siwasamehe," alisema. "Ila uongo wako, mwanangu, ni tundu la humu humu ndani mwetu. Hili tutaliziba wenyewe."

Akamkabidhi kadi. "Haya, nisomee tarehe. Nitampeleka mwenyewe."