Jina la Thelathini na Nane

— Kemboi, hesabu na mimi. Polepole, kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

— Jerop, watu wananunua. Ngoja kidogo.

— Nimengoja. Nimehesabu mara tatu. Ukurasa wa tisa wa kitabu chako umesema, "Waliozama wa huku kwetu walikuwa watu thelathini na saba." Ukurasa wa kumi una majina thelathini na nane.

Mkono wa karani wangu ukabaki hewani, ameshika shilingi ya mzee mmoja.

— Chenji yangu, kijana, mzee akasema.

Hiyo ilikuwa Jumapili, nyuma ya soko la Nakuru, mwaka wa hamsini na sita. Watu walikuwa wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, darasa la nne kichwani, na nilikuwa mrembo. Msibishe, walioniona wamekufa wote.

Kemboi alikuwa akipiga taipu kwa mzungu mmoja wa Bahati, nahodha mstaafu. Mzee yule alikaa miaka kumi akiandikia mabaharia barua, akiuliza habari za meli moja tu, Lady Maud, iliyozama mwaka wa arobaini na tatu ikipeleka askari wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, vitani Bama, huko Asia. Akajua ilivunjika wapi, ilizama kwa dakika ngapi, na nani wa huku kwetu walikuwa ndani. Yote aliyaandika kwa Kizungu, lugha ambayo yatima wa Lady Maud hawakuijua.

Kemboi ndiye aliyemwomba ruhusa ayatie yeye mwenyewe katika Kiswahili, auze kama kitabu. Mzungu alimjibu:

— Uza, karatasi si bure. Lakini usiongeze neno, usipunguze neno.

Mimi nilikuwa nikikaa kando ya meza ile kila Jumapili, nikitazama. Wengine wakifungua ukurasa wa kumi wanapiga magoti hapo hapo. Wengine wanarudisha kitabu wakisema, "Mtu wangu hayumo, nipe shilingi yangu." Nikawa najiuliza: huyu mpenzi wangu anauza nini hasa? Karatasi? Kiswahili? Ama maiti?

Sasa nilikuwa na swali kubwa kuliko hilo.

— La mwisho hapa ni Kiplangat arap Boit, wa Rongai, nikamwambia. Huyo ni baba yangu. Yumo kwenye Kizungu?

— Jerop, twende kando.

— Kando kuna nini? Yumo ama hayumo?

— Hayumo.

Nikafunga kitabu.

Mnielewe. Baba aliondoka na jeshi, serikali ikatuma karatasi moja tu: "Hajulikani aliko." Kwetu, binti hatolewi bila baba. Baba akifa, ndugu zake husimama mahali pake. Lakini baba asiyejulikana aliko, nani asimame? Kemboi alileta wazee wake mara mbili, na mara mbili baba mdogo Kimaiyo akawarudisha.

— Hatupokei ng'ombe za binti wa mtu ambaye pengine yuko njiani anarudi, alisema.

Kisha kikaja kitabu. Nikamsomea mama yangu, Yeyo, jina la mumewe. Akanyoa nywele, akalia siku nne. Kimaiyo naye akasema basi, wazee waje Jumamosi. Jumamosi ileile iliyokuwa inakuja.

— Juzi Rahab wa Bahati alikuletea jogoo, umtie mwanawe aliyepotea vitani kwenye orodha, nikamkumbusha. Ulimwambia nini?

— Nilimwambia kitabu cha wafu hakiongezwi.

— Akarudi analia, na jogoo wake mkononi. Na mimi je? Ulipokea jogoo gani?

Akatazama viatu vyake.

— Nilikupokea wewe.

Ilikuwa karibu nicheke, nikajiuma mdomo.

— Kemboi, huwezi kunioa juu ya mgongo wa baba yangu. Hata kuiba hujui! Umeongeza mtu ukasahau kubadilisha hesabu. Kabla ya Jumamosi uwaambie wazee, ama nitawaambia mimi.

Nikaondoka. Nilitembea hatua ishirini nikijifanya sigeuki, kisha nikageuka. Alikuwa anafunga vitabu, hauzi tena.

Alhamisi ikaja barua. Yeyo alikuwa anasafisha kibuyu.

— Soma kwa sauti, akasema. Nyumba hii haina siri.

Nikasoma: "Jerop, kosa ni langu peke yangu. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Jumamosi nitasimama mbele ya wazee niseme. Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki. Wako, Kemboi."

Yeyo akacheka mpaka akaweka kibuyu chini.

— Mwongo huyo! Peke yake? Na maziwa yangu ya mursik aliyokunywa, aliyanywa peke yake pia?

— Mursik gani, Yeyo?

— Nilitembea mpaka Bahati na kibuyu kizima. Alipomaliza kunywa nikamwambia: andika jina la mume wangu. Akakataa. Nikakaa pale mlangoni mpaka jioni, ndiyo akaandika.

Nilikaa chini kama gunia.

— Yaani wewe ulijua? Ukanyoa nywele, ukalia siku nne?

— Kulia hakukuwa kwa uongo, Yeyo akasema, ameacha kucheka. Miaka kumi na tatu, Jerop. Wenzangu waliofiwa walilia wakamaliza. Mimi nilinyimwa hata kulia. Kila mbwa akibweka najiuliza ni yeye. Nilitaka mahali pa kuweka machozi, basi.

— Na yeye akakubali kwa sababu ilimfaa.

— Ndiyo, ilimfaa. Sisemi ni malaika. Lakini soma tena hiyo barua, utafute jina langu ndani yake.

Nilisoma tena. Halikuwamo. Kijana aliyeongeza mtu mahali asipofaa, sasa alikuwa amemwacha nje aliyefaa kuwamo. Hasira yangu ikaanza kuvuja, nikaishika kwa nguvu ili isiishe yote.

Jumamosi wazee wakaja. Kimaiyo alikaa mbele, kifimbo mkononi. Kabla hata ya salamu kwisha, Kemboi akasimama.

— Wazee wangu, kabla hamjataja ng'ombe, nina neno. Jina la arap Boit halimo katika kitabu cha mzungu. Mimi ndiye...

— Kaa chini, mwanangu.

Yeyo alikuwa ameingia. Mikononi alibeba kigoda cha baba, kile cha miguu mitatu ambacho hakuna aliyekikalia tangu vita. Akakiweka katikati ya wanaume. Akakikalia.

Nawaambia, hata kuku walikimbilia nje.

— Shemeji, Kimaiyo akasema. Hicho ni kigoda cha ndugu yangu.

— Najua. Nimekifuta vumbi miaka kumi na tatu. Wewe ulikifuta lini?

Kimaiyo akakohoa.

— Kijana huyu aliandika uongo, Yeyo akaendelea. Aliyemtuma ni mimi. Mkitaka kufukuza mtu, nifukuzeni mimi kwanza.

— Sasa tuelewe nini? Ndugu yangu yuko hai ama amekufa?

— Sijui. Na wewe hujui, na kitabu hakijui. Kama amekufa, mimi ni mjane wake. Kama yuko hai, akija atanikuta hapa nimekalia kigoda chake, tutagombana sisi wenyewe. Lakini binti yangu hatazeeka akingoja meli.

Wazee wakatazamana. Kimaiyo aligeuza kifimbo chake, akakigeuza tena.

— Mlisema ng'ombe wangapi? akauliza.

Kwa hiyo niliolewa. Lakini msifikiri nilisamehe bure. Nilimpeleka Kemboi kwa mzungu wake, akasema yote. Mzee yule hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hakuna kitabu kipya kitakachouzwa mpaka vile vilivyouzwa virekebishwe, kimoja kimoja.

Hiyo ndiyo ikawa fungate yetu. Mwezi mzima, Bahati, Subukia, Njoro, Rongai, nyumba kwa nyumba na chupa ya wino. Kemboi anaomba radhi, mimi nakata jina la baba yangu kwa mkono wangu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Rahab. Alikuwa na kitabu, ingawa mwanawe hakuwamo. Alinitazama nikichora mstari.

— Huyu si babako?

— Ndiye, mama.

— Hujui aliko?

— Sijui.

Rahab akasogea kwenye benchi, akanipigapigia mahali pa kukaa.

— Njoo basi, akasema. Nilidhani niko peke yangu.

Tukakaa hapo mpaka wino ukakauka. Kisha akamchinja yule jogoo, na Kemboi, mtu asiye na haya, akala paja.